Linux inaganda wakati wa kusakinishwa kwenye kompyuta mpakato: je, acpi=off ni tiba?

SWALI: Nina kompyuta mpakato yenye chipu mbili za michoro, moja ndani ya kichakataji na nyingine inayojitegemea. Nilipojaribu kusakinisha Linux ya familia ya Debian kutoka kwenye flashi, skrini iliganda muda mfupi baada ya nembo kutokea, na kabla ya hapo niliwahi kuona mstari unaosema "irq 16: nobody cared". Rafiki yangu akanishauri niongeze kigezo cha kuwashia kiitwacho acpi=off, na kweli usakinishaji ukafika mwisho. Lakini sasa padi ya mguso haifanyi kazi, kiasi cha betri hakionekani, Wi-Fi haipo, na kichakataji chenye viini vinane kinahesabiwa kuwa na kimoja tu. Je, huu ni mgongano wa IRQ? Nifanye nini ili kila kitu kifanye kazi bila kuganda?

JIBU: Ndugu msomaji, kati ya matatizo manne unayoyaona sasa, matatu kwa hakika yameletwa na acpi=off yenyewe, na la nne, yaani Wi-Fi, haliwezi kuamuliwa mpaka kigezo hicho kiondolewe. Rafiki yako hakukudanganya, kwa kuwa kompyuta imeacha kuganda. Hata hivyo alizima umeme wa nyumba nzima ili taa moja iliyokuwa ikiwakawaka iache kumsumbua. Kazi iliyobaki ni kuitafuta taa hiyo, kuizima au kuitengeneza peke yake, na kuurudisha umeme.

Tuangalie kwanza ulichokizima. ACPI ni mkusanyiko wa majedwali na vijiprogramu vidogo ambavyo mtengenezaji wa kompyuta huvihifadhi ndani ya programu dhibiti ya bodi kuu, ili mfumo endeshi utakapowaka uvisome na kujua mashine iliyo mbele yake ina nini. Utaratibu huo ulitangazwa na Intel, Microsoft na Toshiba mwezi Desemba 1996, na kompyuta mpakato za leo haziwezi kuelezwa bila huo. Jedwali mojawapo huorodhesha viini vya kichakataji, na ndiyo sababu, jedwali hilo lisiposomwa, kerneli, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, hukiona kiini kile kimoja tu kilichoiwasha. Betri nayo husomwa kwa kuviita vijiprogramu vya ACPI. Padi ya mguso ya kisasa kwa kawaida huunganishwa kwa njia iitwayo I2C, ambayo haina desturi ya vifaa kujitambulisha. Kifaa cha PCI kikiulizwa "wewe ni nani?" hujibu kwa namba ya mtengenezaji wake na namba yake mwenyewe, lakini kifaa cha I2C hukaa kimya mpaka mfumo uambiwe na ACPI kwamba kipo, kiko kwenye anwani gani, na kinatoa ishara zake kupitia waya upi. Kwa hiyo padi yako haijaharibika, ila hakuna aliyeiambia kerneli kwamba ipo.

Sasa nije kwenye neno "mgongano", kwa sababu limerithiwa kutoka enzi nyingine na huwapotosha watu wengi. Katizo (laini yake ndiyo huitwa IRQ) ni ishara ambayo kifaa hukipelekea kichakataji ili kiache kwa muda kinachokifanya na kukisikiliza. Katika kompyuta za zamani zenye nafasi za ISA, ishara hizo zilipita kwenye chipu mbili zenye laini nane kila moja, na kwa kuwa laini moja ilitumika kuziunganisha chipu hizo, zilibaki 15 kwa vifaa vyote. Bandari ya kwanza ya mfululizo ilikaa kwenye IRQ 4, printa kwenye IRQ 7, na mtu akichomeka kadi ya sauti iliyotaka IRQ 7 hiyohiyo, kimoja kati ya viwili kilinyamaza au mashine nzima iliganda. Huo ndio uliokuwa mgongano wa kweli wa namba, nao ulitatuliwa kwa kuhamisha vijiti vidogo kwenye kadi. PCI, iliyotolewa mwaka 1992, iliruhusu vifaa kadhaa kutumia laini moja kwa kupokezana, na baadaye ukaja utaratibu wa MSI, ambamo kifaa hakigusi waya wowote wa katizo bali huandika ujumbe mfupi kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu, na kila kifaa kikawa na namba zake. Kwa hiyo katika kompyuta yako vifaa viwili kukutana kwenye IRQ 16 si kosa hata kidogo.

Kosa lipo kwenye maneno "nobody cared", yaani "hakuna aliyejali". Laini inapotumiwa na vifaa kadhaa, katizo likija kerneli huwauliza viendeshaji (programu zinazoongoza vifaa) wote waliojiandikisha kwenye laini hiyo, mmoja baada ya mwingine: ishara hii ni ya kifaa chako? Wote wakikana, ishara imekosa mwenyewe. Kukosa mwenyewe mara moja moja si tatizo, na kerneli haijali. Lakini inahesabu, na ikikuta kwamba kati ya makatizo 100,000 yaliyopita 99,900 hayakushughulikiwa na yeyote, inaamua kuwa laini imekwama, inaandika mstari ule uliouona na kuifunga laini hiyo moja kwa moja. Kuanzia hapo kila kifaa kilichokuwa kikiitegemea laini 16 kinakuwa kiziwi, hata kile kisicho na hatia, na kama miongoni mwao kuna kidhibiti cha USB au cha michoro, mtumiaji ataona kompyuta imeganda ingawa kerneli yenyewe bado hai.

Chini ya mstari huo kerneli huchapisha neno "handlers:" likifuatiwa na majina. Hapa ndipo watu wengi hukosea njia, kwa sababu huyachukulia majina hayo kuwa orodha ya washtakiwa. Kwa kweli ni orodha ya walioulizwa wakakana. Inawezekana mmoja wao ameshindwa kuitambua ishara ya kifaa chake mwenyewe, lakini mara nyingi mkosaji ni kifaa kisichotajwa, yaani kilicho kwenye laini hiyohiyo bila kiendeshaji chochote kilichojiandikisha kwa niaba yake, ama kwa sababu kiendeshaji chake hakijapakiwa, ama kwa sababu kiendeshaji kinatarajia ishara kwa njia ya MSI huku kifaa kikiendelea kuzituma kwenye waya wa zamani. Ukitaka kumpata, soma mstari wa 16 katika /proc/interrupts uone ni viendeshaji gani wamejiandikisha, kisha toa amri ya lspci -v na utafute vifaa vyote vilivyoandikiwa "IRQ 16". Kifaa kinachoonekana kwenye orodha ya pili na kukosekana kwenye ya kwanza ndicho cha kuhojiwa kwanza.

Jambo moja zaidi kuhusu namba hiyo. Namba kuanzia 16 kwenda juu huonekana tu pale kerneli inapotumia kidhibiti kipya cha makatizo kiitwacho IOAPIC, ambacho katika kompyuta za leo huelezwa na ACPI. Ulipoongeza acpi=off, mashine yako kwa uwezekano mkubwa ilirudi kwenye zile laini 15 za kale, na vifaa vyote vikabanana humo. Ujumbe ulipotea kwa sababu laini 16 yenyewe haipo tena, wala hilo halithibitishi kwamba vifaa vilipatana. Kama tatizo lako lingekuwa kweli ni vifaa vingi kugombania laini chache, kigezo hicho kingelizidisha. Hii ndiyo sababu yangu ya kushuku kwamba kiini cha jambo kipo kwingine, nacho ni ile chipu ya pili ya michoro.

Nieleze kwa nini. Katika kompyuta zenye chipu mbili za michoro, kerneli huizima ile inayojitegemea pale isipotumika ili kuokoa betri, na huiwasha tena inapohitajika. Kuizima na kuiwasha hufanyika kwa kuviita vijiprogramu vya ACPI vilivyoandikwa na mtengenezaji wa kompyuta, na si vyote vilivyowahi kujaribiwa na mfumo mwingine zaidi ya ule uliokuja na mashine. Chipu ikizimwa na isiamke vizuri, kerneli husubiri jibu lisilokuja, na skrini huganda. Wengine hugundua hali hii kwa namna ya ajabu: kompyuta inafanya kazi vizuri, lakini wakiandika lspci, amri inayosoma tu, teminali inakwama palepale, kwa sababu kusoma huko kumeigusa chipu iliyolala. Ukizima ACPI, hakuna anayeviita vijiprogramu hivyo, chipu haizimwi kamwe, na mashine inaonekana imepona. Kwa hiyo acpi=off ingeweza "kukuponya" kwa njia mbili tofauti kabisa, yaani kwa kubadilisha njia ya makatizo au kwa kuzuia uzimaji wa chipu, na huwezi kuzitenganisha ukiwa umezima vyote kwa pamoja.

Kuna mambo mawili ya kuyamaliza kabla ya majaribio. Hakiki faili la ISO, yaani lile la kisakinishi ulilolipakua, kwa sha256sum ukilinganisha na namba iliyotolewa na watengenezaji wa mfumo, na uache memtest86+ ipime kumbukumbu usiku mmoja (toleo la 6 na yaliyofuata huwaka kwenye mashine za UEFI, yaani zenye programu dhibiti ya kisasa). Nasisitiza hili kwa aibu kidogo, kwani niliwahi kupoteza jioni mbili nikiilaumu ACPI ya kompyuta moja, nikabadilisha vigezo zaidi ya ishirini, na mwishowe ikawa kipande cha kumbukumbu kibovu. Aidha, kama mtengenezaji ametoa programu dhibiti mpya ya mashine yako, isakinishe kwanza. Majedwali ya ACPI yamo humo, na kosa lililorekebishwa na mwenyewe halihitaji kuzungukwa na mtu mwingine.

Sasa majaribio yenyewe. Yafanye kwa kutumia flashi ya usakinishaji, usiguse mfumo uliokwisha kusakinishwa, na kila mara badilisha kigezo kimoja tu huku ukiandika kwenye daftari ulichobadilisha na kilichotokea. Menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, ikitokea, bonyeza herufi e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, uondoe maneno quiet na splash ili uyaone maandishi ya kerneli, uongeze kigezo unachokijaribu, kisha ubonyeze Ctrl+X. Mabadiliko hayo hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu, kwa hiyo huwezi kuharibu chochote.

Anza bila acpi=off, ukiweka nomodeset peke yake. Kigezo hiki huwakataza viendeshaji vya michoro kuchukua usukani wa skrini, na kerneli inabaki kutumia picha rahisi iliyoandaliwa na programu dhibiti. Skrini itakuwa nzito na ukubwa wake huenda usiwe sahihi, lakini lengo hapa ni kujua tu kama inaganda au haigandi. Ikiwa haigandi, na betri, padi na viini vyote vimerejea, basi ACPI imeondolewa lawama kwa sehemu kubwa na mshukiwa ni kiendeshaji cha michoro.

Hatua inayofuata ni kumjua ni yupi kati ya wale wawili. Amri ya lspci -nnk itakuonyesha kila kifaa pamoja na namba zake katika mabano ya mraba, na nusu ya kwanza ya namba hiyo ni ya mtengenezaji wa chipu: 8086 ni Intel, 1002 ni AMD, 10de ni NVIDIA. Chini yake kuna mistari miwili ambayo wengi huisoma kana kwamba ni kitu kimoja: "Kernel modules" hutaja viendeshaji vinavyoweza kukihudumia kifaa, na "Kernel driver in use" hutaja kile kinachokihudumia sasa hivi. Kama chipu yako ya pili ni 10de, kiendeshaji kitakachoichukua kwenye flashi kwa kawaida ni nouveau, ambacho kwa sehemu kubwa kiliandikwa na watu waliolazimika kuchunguza wenyewe jinsi chipu hizo zinavyofanya kazi. Ondoa nomodeset na uweke modprobe.blacklist=nouveau. Chipu iliyo ndani ya kichakataji itaongoza skrini kwa kiendeshaji chake cha kawaida, na ile ya pili haitaguswa. Kompyuta ikiwaka vizuri, umempata.

Usiishie hapo, ingawa wengi huishia hapo. Chipu isiyo na kiendeshaji huenda ikabaki imewaka muda wote ikila betri, na katika baadhi ya kompyuta tundu la HDMI limeunganishwa na chipu hiyo, kwa hiyo kuizuia ni kuipoteza skrini ya nje. Jaribu kwanza kukirudisha kiendeshaji na kukikataza kuizima chipu, kwa nouveau.runpm=0. Ikiwa mashine inaacha kuganda, ile dhana yangu ya chipu isiyoamka imethibitishwa, na IRQ 16 ilikuwa moshi tu, si moto. Ikiwa bado inaganda na ujumbe wa laini 16 unarudi, jaribu nouveau.config=NvMSI=0, ambacho hukiambia kiendeshaji kitumie katizo la waya badala ya ujumbe. Hapo kifaa na kiendeshaji chake watakuwa wanazungumza kwa njia moja, na laini itapata mtu wa kuijibu.

Ikiwa nomodeset peke yake haikusaidia, basi michoro haihusiki au haihusiki peke yake, na hapo ndipo unapogeukia vigezo vya makatizo. Vijaribu kuanzia chembamba kwenda kipana. Kigezo pci=nomsi huwarudisha vifaa vyote vya PCI kwenye laini za waya. Kigezo acpi=noirq huiacha ACPI ikifanya kazi zake zote isipokuwa kupanga njia za makatizo, na pci=noacpi huongeza juu ya hilo kutoitumia katika kuvitafuta vifaa vya PCI. Kigezo noapic huizuia kerneli kutumia ile IOAPIC niliyoitaja. Kila kimoja kati ya hivi kinagusa sehemu ndogo tu ya kile kinachofutwa na acpi=off, kwa hiyo hata ukilazimika kuishi na mojawapo, kwa kawaida hupotezi betri wala padi kama unavyozipoteza sasa. Utakutana pia na ushauri wa kutumia irqpoll, ambao ujumbe wenyewe wa kerneli huupendekeza. Kigezo hicho humlazimisha kila kiendeshaji kuulizwa kuhusu kila katizo lililokosa mwenyewe. Kinaweza kukuvusha mpaka umalize usakinishaji, lakini kinaipunguzia mashine kasi na hakikuelezi kitu, kwa hiyo mimi hukiweka mwisho.

Wakati wa majaribio haya, kompyuta itakapoganda, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Bonyeza Caps Lock uangalie taa yake. Ikiwaka na kuzimika kwa utii, kerneli ipo hai na kilichokufa ni skrini, kwa hiyo jaribu Ctrl+Alt+F2 upate konsoli nyingine na usome maandishi ya kerneli kwa amri ya dmesg. Ikiwa inawakawaka yenyewe bila kuguswa, kerneli imeanguka kabisa. Ikiwa haiitikii chochote, ama mashine imekwama chini kabisa, ama laini ya kibodi yenyewe ndiyo iliyofungwa. Mwishoni mwa maandishi yanayobaki kwenye skrini ndipo ushahidi ulipo, na kamera ya simu ni chombo kizuri cha kuuhifadhi. Kwenye mfumo uliokwisha kusakinishwa, journalctl -k -b -1 hukupa maneno ya kerneli ya uwashaji uliotangulia, ingawa mistari ya mwisho kabisa kabla ya kuganda huenda haikuwahi kuandikwa kwenye diski.

Kuhusu Wi-Fi, iangalie baada ya ACPI kurudi, maana inawezekana ikarudi nayo. Isiporudi, toa amri ya rfkill list. Neno "Hard blocked: yes" lina maana kwamba imefungwa na swichi ya mashine, au na moduli (kipande cha kerneli kinachopakiwa kikihitajika) inayodhani kuna swichi mahali ambapo haipo. Kama haijafungwa, tafuta neno firmware ndani ya dmesg, kwa kuwa chipu nyingi za Wi-Fi hazina programu yao ndani na hutegemea mfumo uwapakie kutoka kwenye faili. Debian ilianza kuyaweka mafaili hayo kwenye kisakinishi chake rasmi kuanzia toleo la 12, Juni 2023, kufuatia kura ya wanachama wake ya mwaka 2022. Ukitumia toleo la nyuma zaidi itakubidi uyatafute mwenyewe. Ikiwa namba ya mtengenezaji ni 14e4, yaani Broadcom, kuna jambo la ziada: moduli ya wl kutoka kwa mtengenezaji na zile za kerneli kama b43 na bcma huitaka chipu ileile, na fahali wawili hawakai zizi moja. Ile inayopakiwa kwanza huichukua, na nyingine hushindwa bila maelezo ya kueleweka. Mgongano wa namna hii, wa viendeshaji wawili kwa kifaa kimoja, ndio unaokutwa mara nyingi zaidi leo kuliko ule wa namba za IRQ. Na kama kwenye mashine hiyo kuna Windows pia, zima kile kipengele chake cha kuwaka haraka, kwa sababu huifanya isizimike kabisa na wakati mwingine huiacha kadi ya Wi-Fi katika hali ambayo mfumo mwingine hauwezi kuiamsha.

Hukuuliza kuhusu diski, lakini huenda ukasakinisha upya na ukakuta haionekani. Sababu ya kawaida kwenye mashine zenye kichakataji cha Intel ni mpangilio wa RAID au VMD ndani ya BIOS, yaani ile programu dhibiti ya bodi kuu, ambao huificha diski nyuma ya kidhibiti kingine. Kuubadilisha kuwa AHCI, mpangilio wa kawaida wa diski, huifichua. Ila usiubadilishe kabla ya kuiagiza Windows iwake katika hali salama, la sivyo itagoma kuwaka.

Ukishapata kigezo kinachotosha, kifanye cha kudumu. Kwanza fungua /etc/default/grub ukaangalie kama acpi=off haijaachwa humo, kwa sababu baadhi ya visakinishi hunakili vigezo vilivyoandikwa baada ya vistari vitatu na kuvipeleka kwenye mfumo mpya bila kukuuliza. Ifute, weka kigezo chako kipya ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha utoe amri ya update-grub. Kama uamuzi wako ni kukizuia kiendeshaji kabisa, andika blacklist nouveau kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d na utoe amri ya update-initramfs -u. Hatua hii ya mwisho husahaulika, kisha mtu akashangaa kwa nini moduli aliyoipiga marufuku bado inapakiwa, kumbe nakala yake imo ndani ya initramfs, yaani mfumo mdogo wa muda unaosomwa kabla ya diski kufunguliwa. Na ukiamua kutumia kiendeshaji cha NVIDIA chenyewe badala ya nouveau, kumbuka Secure Boot, ulinzi wa programu dhibiti unaokubali tu programu zenye sahihi. Moduli isiyo na sahihi inayotambuliwa itakataliwa kwa maneno "Key was rejected by service", na kwa kuwa nouveau umekwisha kuizuia, chipu itabaki bila mwenyewe hata mmoja. Sajili ufunguo kwa mokutil, au uzime Secure Boot ikiwa hali yako inaruhusu.

Nimezungumzia Linux kwa kuwa ndiyo uliyoitaja, lakini njia ni ileile kwa jamaa zake wa Unix. Kwenye FreeBSD, menyu ya kuwashia ina chaguo la ACPI na la maelezo marefu, makatizo husomwa kwa vmstat -i, na vifaa kwa pciconf -lv. Kwenye OpenBSD, ukiandika boot -c unapata nafasi ya kukitaja kiendeshaji kimoja kwa jina na kukizima kabla kerneli haijakigusa, jambo ambalo binafsi naliona ni la kiungwana kuliko kuhariri mstari mrefu wa GRUB.

Inawezekana pia ukafika mwisho wa majaribio yote na ukakuta kigezo kinachofanya kazi ni kile ambacho hupendi kuishi nacho. Hapo tatizo ni la kuripotiwa kwa watunzaji wa kerneli, nao hulishughulikia. Ndani ya Linux kuna orodha za mashine zinazotambuliwa kwa jina la modeli, kila moja ikiwa na marekebisho yake. Kwa mfano, mwaka 2022 baadhi ya kompyuta mpakato zenye vichakataji vya Ryzen zilikuwa na kibodi zisizofanya kazi kwa sababu ya jinsi maelezo ya ACPI kuhusu IRQ 1 yalivyofasiriwa, na ziliingizwa kwenye orodha hiyo modeli moja baada ya nyingine kufuatana na ripoti za watumiaji. Kwa hiyo jaribu pia flashi yenye kerneli mpya kuliko yako kabla ya kuripoti, kwani huenda modeli yako imekwisha kuongezwa.

Ikiwa utahitaji kuniandikia tena, niletee matokeo ya lspci -nnk, yaliyomo ndani ya /proc/interrupts, toleo la BIOS, na mistari kama ishirini inayozunguka neno "nobody cared", pamoja na ile iliyo chini ya "handlers:". Yote yachukuliwe kwenye uwashaji wenye nomodeset na usio na acpi=off, kwa sababu ukiiacha acpi=off, mashine utakayonielezea haitakuwa ile uliyo nayo mezani.